Kisukari na unene bila sindano: maswali yenu

Kwa nini insulini haipo ya kumeza, kama dawa nyingine? (Msomaji, Kahama)

Insulini ni protini, na ukiimeza tumbo huisaga kama linavyosaga maharage. Kinachonusurika nacho ni kikubwa mno kupenya ukuta wa utumbo. Tangu Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, awe mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa insulini, mjini Toronto, Kanada, Januari 1922, watafiti hawajaacha kuitafutia njia ya mdomoni. Jaribio ninalolipenda ni la mwaka 2019, la watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na wenzao: kapsuli ndogo yenye umbo la gamba la kobe. Kobe huyo ni yule mwenye madoa wa mbuga zetu, ambaye ukimpindua hujigeuza mwenyewe. Kapsuli nayo hujigeuza tumboni, ikaegemea ukuta wake na kuuchoma kwa ncha ya insulini iliyokaushwa. Ilifanya kazi kwa nguruwe. Kidonge cha insulini kilichoidhinishwa Marekani au Ulaya bado hakuna.

Nimeandikiwa Rybelsus, kidonge cha kisukari aina ya pili. Masharti yote haya ya kukimeza ni ya nini? (Baba wa watoto watatu, Tanga)

Yashike, ndugu yangu, kwa sababu dawa yenyewe inayategemea. Ndani yake kuna semaglutidi, dawa ya kushusha sukari, ileile ya sindano ya Ozempic. Imechanganywa na kemikali iitwayo SNAC, inayopunguza makali ya asidi pale kidonge kinapoyeyukia na kuisaidia dawa kupenya ukuta wa tumbo. Hata hivyo, inayofika kwenye damu ni kama asilimia 1 tu, au chini ya hapo. Ndiyo maana kidonge cha kila siku hufika miligramu 14, wakati sindano ya miligramu 1 hutosha wiki nzima. Ukinywa maji mengi au chai ya maziwa papo hapo, hata hicho kidogo unakipoteza. Meza ukiwa hujala kitu, kwa maji yasiyozidi mililita 120, kisha subiri nusu saa kabla ya chakula, kinywaji au dawa nyingine. Sukari ikigoma kushuka, mweleze daktari wako asubuhi yako inavyokwenda, chai ikiwemo.

Na mwezi wa Ramadhani, Rybelsus humezwa lini? (Mombasa)

Wengi huimeza jua likizama, kwa maji kidogo, wakaswali Magharibi, na nusu saa ikitimia ndipo wakafuturu. Lakini muone daktari kabla ya mwezi kuandama, hasa kama unatumia pia insulini au dawa nyingine za kushusha sukari.

Kuna kidonge cha kupunguza unene? (Msomaji, Muscat)

Kipo. Desemba 2025 Marekani iliidhinisha semaglutidi ya kumeza ya miligramu 25 kwa ajili ya unene. Katika utafiti wa wiki 64, waliopewa dawa hiyo walipungua wastani wa asilimia 13.6 ya uzito. Masharti ya kumeza ni yaleyale.

Nimeona mtandaoni plasta za "Ozempic" za kubandika. Zinafaa? (Dada, Arusha)

Hapana, dada yangu, usitoe pesa yako. Ngozi yenye afya huzuia karibu kila molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli); semaglutidi ina zaidi ya 4,000. Plasta zenye visindano vidogo sana zinafanyiwa utafiti, lakini hizo unazouziwa siyo hizo. Inaniuma kuona watu wenye shida ya kweli wakiuziwa gundi. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari hata kuhusu sindano bandia za semaglutidi.

Mwanangu ana miaka 9 na kisukari aina ya kwanza. Analia kila sindano. Nimesikia kuna insulini ya kuvuta. (Mama, Morogoro)

Pole sana, mama. Ipo, inaitwa Afrezza. Marekani iliiidhinisha mwaka 2014 kwa watu wazima, na haiwafai wenye pumu. Aliye na aina ya kwanza akiitumia bado huchoma insulini inayofanya kazi kwa muda mrefu. Kwa hiyo usimwachishe sindano hata siku moja. Omba kliniki sindano fupi za kalamu ya insulini, za milimita 4, ubadilishe mahali pa kuchoma kila mara, na insulini unayoitumia usiichome ikiwa na baridi ya friji: ile ya baridi huuma zaidi.