Nataka jioni za zamani, familia yangu haizitaki

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 52, nauza vipuri vya pikipiki hapa Nyakato, Mwanza. Nimekulia kisiwa cha Ukerewe. Jioni tulikaa uani, baba akifungulia redio taarifa ya habari ya saa mbili, wageni wakibisha hodi bila kutoa taarifa. Siku hizi nyumbani kwangu kila mtu ameinamia simu. Nimenunua chemli, nikaamuru simu zote ziingie kapuni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi asubuhi. Binti yangu wa kidato cha nne amenuna. Mke wangu anasema natafuta ujana wangu. Nafikiria kurudi Nansio, kulekule Ukerewe. Nakosea wapi?
Baba wa Nyakato

Marahaba, ndugu yangu. Hamu hiyo si ugonjwa wala ujinga. Lakini kabla ya kapu na chemli, muulize mkeo jambo moja: yeye jioni hizo alikuwa wapi? Wakati wewe na baba mnasikiliza redio, kuna aliyekuwa anatoka ziwani na ndoo kichwani, anapuliza kuni mbichi, anasonga ugali wa udaga wa kuwatosha na wale wageni wasiotoa taarifa. Utulivu wa uani ulibebwa na mikono ya jikoni. Ukisema "turudi zamani", huenda mkeo anaiona ile ndoo.

Hata kusubiri tunakokukumbuka kwa mapenzi kulikuwa na upande wa pili. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko ilikuwa na soga na mahindi ya kuchoma. Kwa mgonjwa wa Sengerema aliyetakiwa kufika hospitali ya Bugando, Mwanza, foleni hiyohiyo ilikuwa mateso.

Kapu lako limeshindwa kwa sababu ni adhabu ya saa kumi na mbili nzima, na mwanafunzi wa kidato cha nne hupata notisi na maswali kwenye kundi la darasa. Anza na saa moja tu, kuanzia saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu usiku, siku tatu kwa wiki. Siku mzichague pamoja, mkikwepa usiku wa mechi ya Simba au Yanga. Simu ya kwanza kuingia kapuni iwe yako, hata kama kuna mteja. Acheni simu moja ya kitochi nje ya kapu, namba yake wapewe ndugu na majirani kwa ajili ya dharura, la sivyo kila mmoja atapata sababu ya kuchungulia. Chaja zote zihamie sebuleni, na ununue saa ya mezani yenye kengele, maana "naitumia kuamkia" ndicho kisingizio kinachoirudisha simu kitandani.

Sasa, mikono ikiachwa mitupu, saa hiyo haitapita. Jioni zenu za Ukerewe zilikuwa na kazi ndani yake, na mazungumzo yalikuja kwa sababu macho yalikuwa kwenye kazi. Kiangazi, Juni hadi Agosti, nunua ndoo ya lita 20 ya viazi vitamu mtengeneze matobolwa, yaani viazi vya kuchemsha vilivyokatwa na kukaushwa. Nayachagua badala ya michembe, ya viazi vilivyokaushwa vibichi, kwa sababu viazi vibichi vikikatwa usiku vikangoja jua, hugeuka vyeusi. Vichemshwe mapema, vipoe, kisha mmenye na kukata vipande vya unene wa nusu sentimita. Vikiwa vinene hukauka nje tu, vikifika gunini vinaota ukungu, na vilivyoota ukungu ni vya kutupa, si vya kuosha. Usiku msivirundike, vitachacha. Vitandazeni kwenye ungo. Asubuhi vipande juu ya kichanja, jioni vianuliwe kabla ya umande. Jua kali la siku tatu hadi tano linatosha, mradi viwe vigumu hadi ndani. Wa kuchemsha, kumenya na kukata ni wewe na wanao. Mkeo aketi.

Redio iwashwe kwa taarifa ya saa mbili, ikiisha izimwe. Jioni za mwanzo kutakuwa na ukimya wa kukera. Tafadhali usiujaze kwa hotuba kuhusu enzi zenu. Muulize binti yako anasoma nini, kisha umsikilize hadi amalize.

Chemli ibaki uani. Isiwake chumbani mkiwa mmelala na madirisha yamefungwa, na mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda, watoto huyanywa. Kioo kikishika masizi, nyoosha utambi kwa mkasi na uushushe.

Kuhusu Nansio, duka usiuze bado. Pandeni meli wewe na mkeo, mkae wiki mbili katika mwezi wa kawaida, si Krismasi ambapo kila mtu yuko likizo. Andikeni kila shilingi mnayotumia. Angalieni hospitali iko umbali gani na pikipiki za hapo zinanunua vipuri kwa nani, kwa sababu Nansio ya leo nayo ina bodaboda na simu kama Nyakato. Mkirudi, mkeo awe wa kwanza kusema alichokiona, na wewe usimkatishe.