Maswali ya Wasomaji: Rangi ya kopo kwenye ukuta wa matumbawe

SWALI: Assalam alaykum, wahariri. Sisi vijana wa Langoni, Lamu, tulichapa mishale na picha za punda kwa rangi ya kupuliza kichochoroni kwetu, mwenye nyumba akiwa ameridhia. Miezi minne haikutimia, rangi ikavimba na kubanduka pamoja na lipu. Tumekosea wapi?

JIBU: Waalaykum salaam. Mikono yenu haina kosa, rangi ndiyo haipatani na ukuta. Nyumba za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, na ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu hupanda kutoka ardhini, hutokea usoni, hukauka. Rangi ya kopo, yaani hiyo ya kupuliza, hufanya ngozi isiyopitisha maji. Unyevu hunaswa nyuma yake, chumvi iliyomo huganda na kuvimba, na ndiyo inayoisukuma rangi hadi ikaondoka na lipu.

Mbinu ya kibao cha kukata (stensili), yaani kukata umbo kwenye kipande chembamba na kupitisha rangi kwenye tundu lake, ile aliyoitumia msanii wa mitaani Blek le Rat kuchapa panya wake Paris tangu 1981, ni nzuri mno kwa vichochoro. Ibakizeni, badilisheni rangi tu: tumieni chokaa yenyewe.

Changanyeni chokaa iliyolowekwa kikombe kimoja na maji kikombe kimoja, iwe nzito kama mtindi. Ikiwa nyepesi itapenya chini ya kibao na kuchafua kingo. Rangi iwe ya unga wa madini, kama ile nyekundu ya sakafu, na isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa. Ikizidi haishiki, itahamia kwenye kanzu za wapita njia. Rangi za kutia nguo msizitumie kabisa, ukali wa chokaa huzichubua. Vaeni glavu na miwani: chokaa ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi papo hapo, kisha hospitali.

Kabla ya yote, dondosheni maji ukutani. Yakinyonywa, endeleeni. Yakiteleza, ukuta umeshapakwa rangi ya mafuta na chokaa haitashika. Lowesheni mahali pa kuchapa, ngojeni maji yaache kung'aa, kisha gongagongeni kwa brashi ngumu iliyokaribia kukauka, msiburute. Fanyeni kazi baada ya alasiri, kwa sababu chokaa ikikaushwa haraka na jua hubaki unga. Asubuhi nyunyizieni tena kidogo. Msishtuke rangi ikififia: chokaa hukauka nyeupe zaidi, kwa hiyo jaribieni kwanza kwenye kigae.

Kibao kikateni kwenye filamu ya eksirei, kwani boksi hulainika. Herufi O, A na B zina kisiwa katikati, ziachieni madaraja ya milimita 5 ya kukishikilia kisianguke. Chapeni juu ya mita 2, maana chini yake mizigo ya punda hukwaruza na unyevu ni mwingi. Na kwa kuwa mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, ridhaa ya mwenye nyumba haitoshi. Piteni pia ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo Lamu.

SWALI: Nimeona picha za Florence, Italia: alama ya kukataza kuingia, na mtu amebeba ule mstari mweupe. Naweza kubandika kama hiyo Malindi?

JIBU: Hiyo ni kazi ya msanii Clet Abraham. Hutumia stika zinazobanduka na hazizibi ujumbe wa alama. Hata hivyo, usiige kwenye alama za barabarani. Uso wa alama hizo hurudisha mwanga wa taa usiku, na gundi huufifisha. Mwenye bodaboda ndiye atakayeumia, na sheria itakushika wewe. Tengeneza kibao chako cha plaiwudi ya milimita 12, kisichokuwa cha duara wala pembetatu, ukitundike kwenye ukuta wa duka kwa ruhusa. Kingo zipake rangi mara tatu, maji huingilia hapo, na tumia skrubu za stenlesi: za chuma hushika kutu haraka kwa upepo wa bahari na kuacha michirizi ya kahawia juu ya picha.