Maswali na Majibu: Isaya Alikuwa Akimsema Nani?

Barua nyingi safari hii zinazunguka jambo moja: je, manabii wa Kiebrania walitabiri kwamba Masihi atakuwa Mungu, au sisi ndio tunaowalisha maneno? Nimechagua saba. Nukuu ni za Union Version. Na ili msomaji asipate shida kutafuta nimesimama upande gani: mimi ni Mkristo, na Imani ya Nikea, ungamo la kale la Kanisa kwamba Yesu ni Mungu, naikiri kila Jumapili bila kumung'unya. Ila aya ikibebeshwa mzigo usio wake, nitasema.

Mwenzangu kazini, Mwislamu na msomaji mzuri, aliniambia Isaya 7:14, ile ya bikira atakayezaa mwana aitwaye Imanueli, inamhusu mtoto wa enzi za mfalme Ahazi wa Yuda, si Yesu. Nilikosa la kujibu. Je, ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Mwenzako amesoma sura nzima, na hapo ndipo alipokuzidi. Tuko Yerusalemu, yapata mwaka 734 KK. Resini wa Shamu na Peka wa Israeli wameungana wamng'oe Ahazi na kumweka mtu wao. Isaya anamfuata mfalme penye mfereji wa birika la juu, kwenye njia ya Uwanja wa Dobi, pengine Ahazi alikuwa akikagua maji kabla mji haujazingirwa. Anampa ishara ya mtoto, na aya ya 16 inaeleza ishara hiyo ni ya nini: kabla mtoto hajajua kukataa mabaya na kuchagua mema, nchi za wafalme wale wawili zitakuwa ukiwa. Dameski, mji mkuu wa Shamu, ilianguka mikononi mwa Waashuri mwaka 732 KK, na Samaria, mji mkuu wa Israeli, ikafuata miaka kumi baadaye. Ahazi, adui wakiwa njiani, ishara ya miaka mia saba mbele ingemfaa nini?

Kwa hiyo maana ya kwanza iko palepale kwa Ahazi, na Mathayo, anayeinukuu aya hiyo juu ya Yesu, haikanushi. Mwangalie anavyonukuu Hosea 11:1 katika sura yake ya pili, "Kutoka Misri nalimwita mwanangu." Hosea anasema waziwazi juu ya Israeli kutoka utumwani, na Mathayo anajua hivyo. Yeye anaona jambo la kale likijirudia kwa ukamilifu zaidi, na ndiko kutimia anakokusudia.

Ule ubishi wa kama neno la Kiebrania ni "bikira" au "mwanamwali" nauruka makusudi, maana hata ukiushinda hupati uungu. Mwenzako mwenyewe anaamini kwamba Maryam alimzaa Isa bila kuguswa na mwanamume. Soma Surat Maryam. Anaamini hilo, na bado hamwiti Isa Mungu.

Mashahidi wa Yehova waliokuja nyumbani walisema Yesu ni "Mungu mwenye nguvu" lakini si Mungu Mweza Yote, wakatumia Isaya 9:6, ambako mtoto anaitwa Mshauri wa ajabu, Mungu mwenye nguvu, Baba wa milele, Mfalme wa amani. Mume wangu anasema aya hiyohiyo inathibitisha Utatu. Nani yuko sahihi? (Mama wa watoto watatu, Nakuru)

Mama, tuanze na wageni wako. Tofauti yao haisimami, na kinachoiangusha kipo sura inayofuata. Isaya 10:21: "Mabaki watarudi, mabaki ya Yakobo, wamrudie Mungu aliye mwenye nguvu." Kwa Kiebrania ni maneno yaleyale ya 9:6, na hapo hakuna anayebisha kwamba anayetajwa ni Bwana mwenyewe. Sifa hiyo si ya mungu wa daraja la pili.

Lakini baba watoto naye asishangilie mapema. Hebu tazama tena mwanzo wa aya hiyo ya 10:21. "Mabaki watarudi" ndiyo maana ya jina la mtoto wa Isaya, Shear-yashubu, yule aliyekwenda naye kumwona Ahazi. Nyumbani kwa nabii huyu majina ya watoto yalikuwa mahubiri: mwingine aliitwa Maher-shalal-hash-bazi, yaani nyara zinawahi, mateka yanaharakisha. Jina la namna hiyo linatangaza atakalofanya Mungu, halielezi mtoto mwenyewe ameumbwaje. Elihu wa kitabu cha Ayubu maana yake ni "yeye ni Mungu wangu", na hakuna aliyewahi kumwabudu Elihu. Hivyo Myahudi anaposema kwamba 9:6 ni jina la kifalme linalomsifu Mungu wa Israeli, hakwepi swali. Anasoma kama majirani wa Isaya walivyosikia majina.

Rashi, mfasiri mkubwa wa Troyes huko Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, alikwenda mbele zaidi: Mungu, aliye mshauri wa ajabu na mwenye nguvu na baba wa milele, ndiye anayempa Hezekia jina la Mfalme wa amani. Sarufi unaweza kuivuta ikafika huko, ila mimi naona imevutwa. Majina manne yanakwenda kwa mwendo mmoja, na kuyakata baada ya la tatu kunaharibu mwendo huo. Hata hivyo Hezekia si jibu la kupuuzwa. Aya inasema mtoto "amezaliwa", si atazaliwa, na Hezekia alikuwa mwana wa Ahazi.

Tena kuna "Baba wa milele". Mumeo akiisoma aya hii kama fundisho la nafsi za Mungu, Mwana anageuka kuwa Baba, na Utatu unakataa hilo kabisa. Watakaofurahi ni wale wanaosema Baba na Mwana ni nafsi moja iliyobadilisha jina. Aya inayothibitisha kupita kiasi huwa haijathibitisha.

Jambo linaloshangaza wengi nikilitaja: Agano Jipya halinukuu Isaya 9:6 hata mahali pamoja. Mathayo ananukuu 9:1-2, watu waliokaa gizani wakaona mwanga mkuu, kisha anaishia hapo. Aya tunayoiimba kila Krismasi, mitume hawakuishika kama hoja. Mimi naisoma kama ahadi ya mfalme wa nyumba ya Daudi ambaye Mungu atatenda ndani yake kuliko alivyotenda kwa mfalme yeyote, na Hezekia, pamoja na wema wake wote, alimwachia kiti Manase, mwanawe mwovu. Mkristo ana haki ya kumwona Yesu hapo. Kumkaba nayo jirani koo ni jambo lingine.

Kwenye mhadhara wa wazi msemaji alidai Wakristo waliongeza maneno katika Isaya ili yamfae Yesu. Kuna ushahidi gani? (Kijana, Mwanza)

Upo wa kutosha, na unawasaidia Wayahudi na Wakristo sawia. Mwaka 1947, katika mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, lilipatikana gombo la Isaya lenye sura zote 66. Wataalamu huliweka katika karne ya pili KK, kabla Mkristo yeyote hajazaliwa. Lina tofauti ndogondogo nyingi, hasa za tahajia, lakini sura ya 7, ya 9 na ya 53 zimo. Mgogoro wetu ni wa tafsiri. Maandishi yenyewe wote tunasoma yaleyale.

Nimesikia Ario alitumia Mithali 8:22 kusema Kristo ni kiumbe. Mbona Biblia yangu inasema "BWANA alikuwa nami"? (Mwanachuo, Dodoma)

Kwa sababu Kiebrania cha pale kinabeba maana zaidi ya moja, na wafasiri wa Union Version walichagua njia ya utulivu. Kanisa la karne ya nne lilisoma tafsiri ya Kiyunani, na humo Hekima, ndiye anayesema katika sura hiyo, anasema wazi: "Bwana aliniumba". Ario, kasisi wa Aleksandria, aliishika hiyo: Hekima ni Kristo, Hekima aliumbwa, basi Kristo ni kiumbe. Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulimkataa, na baadaye Athanasio, askofu wa Aleksandria, akaandika kurasa nyingi sana akijitahidi kuonyesha kwamba aya inahusu ubinadamu aliouvaa Kristo.

Ukinibana niseme, jibu la Athanasio halinishawishi. Pande zote mbili zilikubaliana mapema mno kwamba anayesema katika Mithali 8 ni Kristo mwenyewe, zikabaki kugombania kitenzi. Endelea hadi sura ya 9. Hekima ni mwanamke aliyejenga nyumba, akachinja, akaandaa meza, akatuma wajakazi wake waite wageni. Na mwanamke mpumbavu ameketi mlangoni pake akiita wapita njia walewale. Ni shairi. Ario alijenga juu ya shairi, na waliompinga wakajenga ukuta juu ya shairi lilelile. Yohana na Paulo wanaikopa lugha ya Hekima kumsifu Kristo, na hilo ni halali, lakini sifa iliyokopwa si cheti cha kuzaliwa.

Vitabu hivi ni vya Wayahudi. Wao walijibuje? Mbona hatuwasikii? (Msomaji, Mombasa)

Walijibu, tena mbele ya wafalme. Mwaka 1263, huko Barcelona, Mfalme James wa Kwanza wa Aragon alimwita Rabi Moshe ben Nahman, maarufu kama Nahmanide, ajadiliane na Pablo Christiani, mtawa Mkatoliki wa shirika la Wadominiko aliyezaliwa Myahudi. Pablo hakutegemea Biblia peke yake. Alileta Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, na visa vyao akidai kwamba vyenyewe vinakiri Masihi amekwisha kuja.

Mjadala ulipofika kwenye Zaburi 110, "Neno la BWANA kwa Bwana wangu, Uketi mkono wangu wa kuume", Nahmanide alieleza kwamba Daudi aliutunga wimbo huo ili Walawi, waimbaji wa ibada, wauimbe. Mwimbaji akisema "Bwana wangu" anamtaja Daudi, mfalme wake. Ni jibu safi. Sisi tunasoma zaburi hiyo kupitia swali la Yesu katika Marko 12, kwamba Daudi amwitaje mwanawe Bwana, na swali hilo lina nguvu tu ikiwa msemaji ni Daudi mwenyewe. Ukimpa Mlawi kinywa, limeyeyuka.

Ila hoja yake iliyonikaa zaidi si ya sarufi. Kwa maelezo aliyoyaandika mwenyewe baadaye, alimkumbusha mfalme kwamba Isaya 2:4 inaahidi panga zitafuliwa ziwe majembe, na tangu siku za Yesu dunia imejaa dhuluma na unyang'anyi. Kisha akamgeukia James: ingekuwa vigumu namna gani kwako, bwana wangu mfalme, na kwa mashujaa wako hawa, kama wasingejifunza vita tena! Mfalme alimpa zawadi ya fedha. Wadominiko hawakuridhika, na miaka michache baadaye mzee alilazimika kuihama nchi. Mwaka 1267 alikuwa Yerusalemu. Sababu mojawapo ya kutowasikia ni hiyo.

Sisi Wakristo hujibu kwamba mengine yatatimia atakaporudi. Ninaamini hivyo. Lakini tukubali kwamba kwa anayetusikiliza kutoka nje, jibu hilo linaomba muda.

Umetunyang'anya Isaya 7, umelegeza Isaya 9. Sasa umebaki na nini? (Mwinjilisti, Iringa)

Nimebaki na kilicho bora, mwinjilisti. Mitume hawakuanza na orodha ya utabiri wakatafuta mtu wa kuijaza. Walianza na Yesu waliyeamini amefufuka, wakarudi kwenye Maandiko wakiwa na swali. Na ukiwafuatilia, aya nzito zaidi walizozitumia si zile zinazomtabiri Masihi. Ni aya zinazomsema BWANA, Mungu wa Israeli, mwenyewe.

Chukua Isaya 45. Ni mahali ambapo Agano la Kale limefunga kila mlango kwa miungu mingine: "maana mimi ni Mungu, hapana mwingine." Aya inayofuata Mungu anajiapia nafsi yake kwamba "mbele zangu kila goti litapigwa, kila ulimi utaapa." Sasa fungua Wafilipi 2:10-11. Paulo, Farisayo aliyelelewa katika torati, anayatwaa magoti hayo na ulimi huo na kuvipeleka kwa jina la Yesu. Katika Warumi 10:13 anafanya vivyo hivyo na Yoeli, kwamba kila atakayeliitia jina la Bwana ataokoka. Marko anafungua Injili yake kwa njia ya BWANA ya Isaya 40, na anayetokea njiani ni Yesu wa Nazareti. Waebrania 1 inampa Mwana maneno ya Zaburi 102 juu ya aliyeweka misingi ya nchi.

Atakayekupinga kwa elimu atakwambia ni heshima ya mjumbe: Farao naye aliamuru watu wampigie Yusufu magoti, na Paulo anamaliza kwa kusema "kwa utukufu wa Mungu Baba." Ni pingamizi la kweli, usilicheke. Jibu langu ni kwamba Paulo angeweza kuchukua magoti ya Yusufu, yalikuwepo. Akachukua ya Isaya 45, katika kitabu ambacho Mungu anasema utukufu wake hawapi wengine. Mtu aliyelijua andiko vile hachagui sura hiyo kwa bahati mbaya.

Kaa hapo. Isaya 53 nayo itunze kwa ajili ya mahubiri ya msalaba. Inasema juu ya anayeteswa kwa ajili ya wengine, na hata ukikubaliwa yote unayodai juu yake, haijasema kwamba mteswa ni Mungu.

Na Mika 5:2, isemayo matokeo ya mtawala atakayetoka Bethlehemu ni "tangu milele"? Hiyo je? (Msomaji, Arusha)

Kiebrania kinasema siku za kale, na Mika anarudia msemo huohuo katika 7:14 akiongelea zamani za Bashani na Gileadi, ambazo hazikuwa za milele. Yawezekana kabisa kwamba anataja ukale wa ukoo wa Daudi, uliotoka Bethlehemu. Katika Mathayo 2 Herode anawauliza makuhani na waandishi Kristo azaliwe wapi. Wanamnukulia Mika mpaka kwa mtawala atakayewachunga Israeli, wanaacha maneno hayo ya mwisho, maana walichoulizwa kilikuwa mahali.