Kabla Hujaanza Kugawanya 123456789

Niliwahi kukaa jioni tatu mfululizo na karatasi na penseli, nikitafuta vigawo vya 123456789. Mwanzo ulikuwa mwepesi. Tarakimu zake ukizijumlisha unapata 45, kwa hiyo inagawanyika kwa 9, inabaki 13717421. Jumla ya tarakimu za hiyo iliyobaki ni 26, basi 3 haimo tena. Kisha nikaanza kuigawanya kwa namba tasa, moja baada ya nyingine: 7, 11, 13, 17, 19. Nilipokaribia 400 nikaacha. Sikujua kwamba kigawo tasa kinachofuata ni 3607, na kwamba kabla yake kuna namba tasa zaidi ya 500!

Ushauri ambao ningeutaka wakati ule ni huu: tazama kwanza kipeuo cha pili. Cha 13717421 ni 3703 na desimali zake. Panda hadi namba nzima inayofuata, 3704, uizidishe kwa yenyewe: 13719616. Toa namba yako, inabaki 2195. Je, ni mraba kamili? Hapana, na huna haja ya kukokotoa, kwani mraba unaoishia na 5 lazima uishie na 25. Songa hatua moja. 3705 mara 3705 ni 13727025. Ukitoa 13717421 inabaki 9604. Na 9604 ni 98 mara 98.

Kazi imekwisha hapo. Tofauti ya miraba miwili huvunjika yenyewe: (3705 − 98) × (3705 + 98), yaani 3607 × 3803. Zote mbili ni tasa, na kulithibitisha hilo unajaribu namba tasa hadi 61 tu. Jioni tatu dhidi ya hatua mbili. Nilirudia hesabu ile mara kadhaa kwa furaha tupu.

Njia hii ni ya Mfaransa Pierre de Fermat. Katika barua ya mwaka 1643 aliitumia kuivunja 2027651281: ukianzia 45030 unafika 45041, na jibu ni 44021 × 46061. Majaribio 12, kwa mkono.

Ila usiifanye dawa ya kila namba. Inafaa pale vigawo viwili vinapokaribiana. Zigeuze tarakimu zile zile ziwe 987654321: ukiondoa 9 inabaki 109739369, na ukiifuata kwa miraba utafanya majaribio 179530 ndipo ufanikiwe. Kumbe 17 inaigawanya mara mbili, inabaki 379721, ambayo ni tasa.

Ndiyo maana siku hizi naanza na tasa ndogo, hadi 50 hivi. 7, 11 na 13 nazipima kwa mkupuo mmoja, kwa sababu zikizidishwa pamoja ni 1001. Kata namba tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na jumlisha kwa zamu: 369 − 739 + 109 inatoa −261. Kwa kuwa 261 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tatu, 109739369 nayo haigawanyiki. Zikishindwa tasa ndogo, naipa njia ya Fermat majaribio 10. Ikigoma, narudi kugawanya, nikianzia 53.