Stata inazunguka, injini haiwaki: usinunue kontroli boksi kabla hujaangalia taa ya ulinzi

Pole sana mkuu. Nimesoma maelezo yako mara mbili: Premio ya 2003, asubuhi stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, ikifika saa nne au saa tano unajaribu tena linawaka kama vile halikuwa na tatizo. Alamu ulifungiwa hapa hapa Dar mwaka juzi. Sasa fundi anasema kontroli boksi, lile boksi la umeme linaloongoza injini, imekufa, utafute hela. Nakuomba usitoe hata shilingi kwanza, maana njia hiyo nimeipita na najua inakoishia.

Mwaka 2019 IST yangu ilizima ikiwa kwenye mwendo, mteremko wa Kimara, Barabara ya Morogoro, giza limeshaingia, watoto wangu wawili wako kiti cha nyuma. Nikikanyaga breki mara ya tatu ikawa ngumu kama jiwe, kwa kuwa injini ikizima ule msaada wa breki unaisha haraka. Nyuma yangu lori linapiga honi. Tulifika pembeni salama, namshukuru Mungu, lakini hadi leo nikipita pale mikono inatoka jasho. Fundi wa kwanza aliniambia maneno yale yale uliyoambiwa wewe. Nikanunua kontroli boksi iliyotumika, laki tatu na nusu, ikafungwa. Wiki mbili hazikuisha, gari likazima tena.

Aliyelitibu ni mzee mmoja fundi umeme Tegeta. Hakugusa kontroli boksi kabisa. Aliniuliza swali moja tu: "Alamu ulifungiwa na nani?" Akafungua plastiki ya chini ya usukani, akavuta kijiboksi cha alamu, akanionyesha relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, iliyowekwa katikati ya waya wa pampu ya mafuta. Waya ulikuwa umekatwa, ncha zikasokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi. Joto lilishayeyusha gundi, tepu imefunguka, shaba imegeuka kijani. Siku nyingine zinagusana, siku nyingine hazigusani. Ugonjwa wangu wote ulikuwa hapo, urefu wa kidole kimoja.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua ni ulinzi upi unaokukatalia, maana gari linaweza kuwa na mifumo miwili isiyojuana. Upo wa kiwandani, imobilaiza. Kichwani mwa ufunguo kuna chipu ndogo isiyotumia betri. Koili inayozunguka swichi ya ufunguo ndiyo inayoiamsha, chipu inajibu namba yake, namba ikikubalika injini inaruhusiwa kuwaka. Upo na wa kufungiwa mtaani: king'ora, rimoti, na relei inayokata waya fulani. Uingereza magari mapya ya abiria yalilazimishwa kuwa na imobilaiza tangu Oktoba 1998, lakini Japani haikuwa na sharti hilo, ndiyo maana Toyota nyingi tunazoagiza kutoka kule hazina imobilaiza, zina alamu ya mtaani tu. Usikubali mtu akuuzie dawa ya imobilaiza kabla hujajua kama gari lako linayo.

Utajuaje? Tafuta taa ndogo nyekundu ya kiwandani kwenye dashibodi, yenye alama ya gari na ufunguo au kufuli. Usiichanganye na ile taa ya alamu waliyotoboa wenyewe wakaigandisha pembeni. Ufunguo ukiwa umetoka, taa ya kiwandani inapepesa, hiyo ni kawaida. Ukiingiza ufunguo na kuuwasha, inatakiwa izime. Ikiendelea kupepesa huku ufunguo uko ndani, gari halijautambua ufunguo. Ikizima vizuri na injini bado haiwaki, au kama taa hiyo haipo kabisa, geukia alamu ya mtaani.

Kipo kipimo kingine ambacho fundi makini atakifanya mbele yako. Imobilaiza ikikataa, kwa kawaida cheche haziji na nozeli hazipulizi mafuta. Relei ya alamu ikikata pampu, cheche zinakuja ila mafuta hayafiki. Mwambie mtu apige stata wakati wewe umeegemeza sikio kwenye kiti cha nyuma, maana pampu iko chini yake, usikie kama inavuma. Kisha fundi atoe plagi moja aone cheche. Cheche zipo na pampu iko kimya, basi fuata waya wa pampu mpaka kwenye relei. Hilo halina gharama yoyote.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, pima betri. Najua stata inazunguka, lakini kijiboksi cha alamu ni chepesi kuchanganyikiwa umeme ukishuka. Asubuhi kabla hujagusa kitu, mita isome karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, betri iko nusu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Kaza terminali, halafu kagua waya wa ethi, ule wa upande hasi wa betri, pale unapofungwa kwenye bodi. Na alamu yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayoinyonya betri usiku. Gari lililozimwa lisile zaidi ya miliampia 50 hivi. Kuna alamu nilipima ikala nusu ampia, maana yake ampia-saa 12 kwa siku, na betri ya ampia-saa 45 haimalizi siku nne ikiwa imesimama. Watu wanabadilisha betri mbili kwa mwaka, wanamlaumu muuza betri bure.

Kama itaonekana ni ufunguo, usikimbilie kompyuta. Shemeji yangu alihamishia ufunguo wake kwenye kava jipya la kukunja, zuri kwelikweli, kesho yake gari haliwaki. Rimoti inafungua milango vizuri, kwa hiyo hakufikiria ufunguo hata kidogo. Alisumbuka siku tatu. Kumbe chipu, kitu kidogo tu, ilibaki kwenye kava la zamani, na kava liko kwenye ndoo ya taka. Bahati taka zilikuwa hazijachukuliwa. Rimoti na chipu ni vitu viwili: betri ya rimoti ikifa, chipu bado inafanya kazi. Tenganisha pia funguo mbili zenye chipu kama unazibeba kwenye ringi moja, zinaweza kuvurugana. Na kama una ufunguo mmoja tu, chongesha wa pili sasa hivi ukiwa bado nao, kwa sababu ukipotea wa mwisho kazi inakuwa ndefu na ghali mno.

Ulitaja pia king'ora kulia chenyewe usiku. Mara nyingi hiyo ni swichi ya boneti, kile kipini kinachobonyezwa boneti ikifungwa. Huku kwetu karibu na bahari chumvi inakila, kikiloa kinatoa ishara kwamba boneti imefunguliwa. Kisugue, kikishindikana nunua kingine, ni bei ndogo. Kama king'ora kinalia lori likipita tu, kuna sensa ya mtikisiko yenye skrubu, ipunguze kidogo kidogo. Mlango mmoja ukikusumbua, angalia taa ya ndani: ikigoma kuzima, swichi ya mlango huo ndiyo mbovu.

Sasa, ukikuta ni relei, usikubali "tuunge moja kwa moja tumalize" kwa kusokota tena. Waya zichomelewe kwa risasi na zifunikwe kwa mpira ule unaosinyaa kwa moto. Na kama unataka alamu ibaki, mwambie fundi relei ihamie kwenye waya wa stata, aiondoe kwenye pampu. Mwizi hatawasha gari vilevile, ila relei ikifa utakwama ukiwa umeegesha nyumbani, hutazimikiwa katikati ya malori na familia ndani. Wapo mafundi wanaobisha kwamba kukata pampu kunamzuia mwizi zaidi. Mimi nimeshuka Kimara na gari lililozima, sitakubaliana nao. Muulize pia aliyeifunga kitufe cha siri cha kuizimisha alamu kiko wapi, mara nyingi wanakificha chini ya dashibodi na mwenye gari haambiwi.

Kesho asubuhi likigoma, usipige stata mfululizo. Angalia ile taa, pima betri, sikiliza pampu, kisha niandikie hapa umeona nini, na piga picha ya waya za chini ya usukani uzitume. Nitakuwepo.