Simu Ikizunguka Kwenye Nembo, Usikubali Kuambiwa Imekufa

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nimeweka romu mpya, simu inazunguka kwenye nembo tangu jana usiku. Fundi amesema bodi imeungua. Ninunue nyingine?" Romu ni mfumo wa uendeshaji unaouweka badala ya ule wa mtengenezaji. Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha nikaona jibu lile halitoshi. Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, na mpaka leo yananiuma.

Simu ninayotumia sasa ndiyo ileile iliyotangazwa maiti. Mtengenezaji aliacha kuiletea masasisho ikiwa na skrini safi, betri inayokaa kutwa na nafasi tele ya kuhifadhi vitu. Masasisho ya usalama yakakoma, programu moja baada ya nyingine ikaanza kunigomea. Nikaamua kuiwekea LineageOS, romu ya Android ya mradi uliozaliwa Desemba 2016 baada ya kampuni ya Cyanogen kuzima huduma za CyanogenMod, romu iliyoitangulia. Unaendeshwa na watu wanaojitolea, wanaolea simu ambazo waliozitengeneza wamezisahau. Kama unasoma hapa, najua simu ya namna hiyo unayo, ipo kwenye droo, na moyo wako haujakubali kuitupa.

Kufungua butiloda, programu ndogo inayoanza kwanza simu ikiwashwa na kuamua mfumo upi upakiwe, sitakueleza kwa kirefu. Unagusa nambari ya muundo mara 7, chaguo za wasanidi zinatokea, unaruhusu ufunguaji wa OEM (ruhusa ya kufungua butiloda) na utatuaji wa USB, unachomeka kebo na kutoa amri. Watengenezaji wengine wanataka uombe kibali na usubiri, wengine hawaruhusu kabisa. Ujue tu kwamba kufungua kunafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo picha zihamishe kabla.

Niliingiza romu kwa adb, zana ya kompyuta ya kuiamuru simu kwa kebo, kupitia rikavari, ule mfumo mdogo wa simu wa kuwekea na kufutia mfumo mkuu. Kwenye kompyuta asilimia zikapanda, zikafika 47, zikasimama. Chini yake ikaandikwa kwamba amri imeshindwa kusomwa, na mwisho wa mstari huohuo likaja neno la kusema imefanikiwa. Hapo ndipo wengi huchomoa kebo kwa hofu. Mimi nilitazama skrini ya simu yenyewe, ambayo ilisema kazi imekamilika, na ilikuwa kweli: kwa simu kadhaa hesabu ya kompyuta huishia kwenye 47 hata mambo yakiwa yameenda sawa. Ukiwa na mashaka, simu ndiyo ya kuamini.

Nikaiwasha. Mchoro wa kuanzia wa romu mpya ukatokea, ukacheza, ukaendelea kucheza. Mara ya kwanza kuwaka huchukua muda, lakini ikizidi dakika 15 kuna jambo. Asubuhi nikaipeleka kwa fundi niliyekuwa nikimwamini. Akabonyeza kitufe, akaitazama kidogo, akasema mbele ya wateja wengine: "Bosi wangu, bodi imekwenda hii. Niachie, nikupe chochote, nitachukua skrini." Watu wakacheka. Mmoja akaongeza kwamba ndiyo malipo ya kuchezea vitu nisivyovijua. Nikaichukua simu yangu nikaondoka, na njiani nilikuwa na swali moja tu kichwani: bodi iliyoungua inawezaje kucheza mchoro?

Kwa kawaida haiwezi. Na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: pale simu inapogotea panakuambia kipi ni kizima. Ikifika kwenye mchoro wa romu mpya, maana yake butiloda imefanya kazi yake, kerneli, kiini cha mfumo, imepakiwa, skrini inaonyesha, hifadhi inasomeka. Kasoro mara nyingi iko juu zaidi, kwenye mfumo au kwenye data. Ikigota kwenye nembo ya mtengenezaji na kujizima, shuka chini: tazama faili la boot, tazama vbmeta, maana huko ndiko simu inakokagua kama mfumo uliowekwa unakubalika. Ikiwa skrini ni nyeusi tii lakini kompyuta inakiona kifaa chenye namba 9008, hiyo ni simu yenye chipu ya Qualcomm iliyoingia hali ya dharura. Kazi yake ni ngumu, inahitaji mafaili maalumu ya simu hiyohiyo, lakini hata hapo bodi inazungumza.

Yangu ilikuwa imegota kwenye mchoro, basi nikaenda moja kwa moja kwenye data. Mfumo wa zamani ulikuwa umeisimba sehemu ya data kwa funguo zake. Mfumo mpya ukaikuta, ukashindwa kuifungua, ukawa unasubiri bila mwisho. Maelekezo niliyoyafuata yalisema nifute kache, yakaruka hatua ya kufomati data. Kufuta na kufomati ni vitu viwili. Kufuta kunaondoa mafaili na kuuacha usimbaji ule ule. Kufomati kunaijenga upya sehemu nzima. Nikarudi rikavari, nikafomati data, nikaingiza romu tena. Simu ikawaka. Ilikuwa usiku, nyumba nzima imelala, nikapiga kelele hadi nikagombezwa.

Sikwenda kumwonyesha yule fundi. Natamani angejua, nakiri, lakini sikwenda.

Furaha haikudumu, kwani asubuhi hakukuwa na mtandao. Laini ipo, mawimbi hakuna. Nikapiga *#06#, IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ikajitokeza kamili, nikashusha pumzi. IMEI ikiwepo, tatizo huwa mara nyingi ni programu ya modemu iliyobaki ya toleo la zamani huku romu ikitarajia mpya. Nikaweka modemu ya toleo rasmi la mwisho la simu yangu, mawimbi yakarudi. Kama IMEI ingekuwa imepotea, ningekuwa nazungumzia EFS, patisheni ndogo inayotunza utambulisho wa simu kwenye mtandao, na bila nakala yake hali ingekuwa mbaya sana. Nakala ninayo, nimeihifadhi kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje. Kama rikavari yako, mathalani TWRP, inaweza kunakili EFS, fanya hivyo kabla ya jambo lolote lingine, leo, hata kama romu utaiweka mwezi ujao.

Ndugu zangu, someni kosa lililoandikwa. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kila wiki napata ujumbe wa "imegoma" bila neno moja la kile skrini ilichosema. Simu inapokataa, huwa inatoa sababu. Kompyuta ikibaki inasubiri kifaa, ni draiva, au kebo ya kuchajia tu isiyopitisha data, au mlango wa USB. Jaribu mlango wa USB 2.0. Ikisema haiwezi kuflashi (kuandika mfumo kwenye simu) ikiwa imefungwa, butiloda haijafunguka hata kama unaamini uliifungua. TWRP ikitoa kosa namba 7, mara nyingi romu imekagua ikaona si ya simu hiyo, au programu ya msingi ni ya toleo lisilofaa. Kuna watu hufungua faili na kufuta ule ukaguzi ili romu iingie kwa nguvu. Usifanye hivyo. Ukaguzi ule upo kukulinda.

Na jina la simu sokoni halitoshi. Tafuta jina lake la msimbo. Redmi Note 8 ni ginkgo, Redmi Note 8T ni willow. OnePlus 6 ni enchilada, OnePlus 6T ni fajita. Herufi moja ya ziada kwenye boksi ni simu nyingine kabisa. Ukishapakua, linganisha SHA-256, alama ya kuthibitisha kwamba faili halijaharibika, ya faili lako na ile iliyochapishwa na waliolitengeneza. Kwenye Windows amri ya certutil inatosha. Faili lililokatika katikati huleta matatizo yasiyo na kichwa wala miguu.

Ukitaka programu za Google, ziingize kabla ya kuwasha mfumo kwa mara ya kwanza, bila kutoka rikavari. Haziji ndani ya romu kwa sababu za leseni; Google iliwaandikia CyanogenMod barua ya kuwakataza tangu 2009. Ukiwasha kwanza kisha ukaziongeza baadaye, huduma zake zitaanguka moja baada ya nyingine na utalaumu romu bure.

Kurudi toleo la nyuma nako kuna mipaka. Pixel 6 zilipopokea Android 13 Agosti 2022, kurudi Android 12 kulizuiwa na kinga iliyomo kwenye butiloda. Soma kuhusu simu yako kabla hujajaribu, na nenda na nakala ya mfumo rasmi tayari kwenye kompyuta. Mtu anayejua njia ya kurudi hatetemeki akiona nembo inazunguka. Nasisitiza: pakua mfumo rasmi kwanza, romu baadaye.

Usifunge tena butiloda ukiwa na romu isiyotengenezewa kufungwa. GrapheneOS kwenye Pixel imeandaliwa kwa hilo na maelekezo yake yanakutaka ufunge. Romu nyingi hazijaandaliwa hivyo, na simu inaweza kukataa kuwaka kabisa. Simu za Samsung zenye Knox, mfumo wake wa usalama, alama ya kuonyesha simu imechezewa ikishageuka kuwa 0x1 hairudi, hata ukirejesha mfumo rasmi. Na baadhi ya programu za benki hukagua uhalali wa mfumo kupitia Play Integrity, huduma ya ukaguzi ya Google, na kukataa kufunguka. Kama pesa zako zote unaziendesha kwa simu hiyo moja, tafuta kwanza nyingine ya kuwekea benki, kisha hii uiachie romu.