Nilimuuliza nani mwingine anajua

Wiki iliyopita mliuliza: "Mwanao akikuambia jambo ambalo dini yako hailikubali, utamjibu nini?" Wengi watawaandikia jinsi wanavyodhani watajibu. Mimi niliambiwa kweli, na nikajibu vibaya. Jina mniwie radhi, nalificha kwa ajili ya mwanangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Mikindani, Mtwara. Mwanangu wa tatu ana miaka 29 na anafanya kazi mbali na nyumbani. Mwaka juzi alikuja msimu wa korosho. Tulikuwa uani, yeye anakaanga kwenye bati, mimi nabangua. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, kwa hiyo vidole vyangu vilikuwa vyeupe kwa majivu. Nilikuwa namweleza habari za binti mmoja wa Newala. Mshenga wetu alishapeleka posa, na kwao walishaipokea.

Akasema, "Mama, usiendelee na hilo jambo. Mimi sivutwi na wanawake, tangu zamani. Navutwa na wanaume wenzangu." Hakuinua macho. Korosho zikashika moto kwenye bati, zikaungua mpaka zikawa mkaa, na hakuna aliyezimwaga mchangani.

Nikamuuliza, "Nani mwingine anajua?"

Hilo ndilo lililonitoka kwanza. Sikumuuliza amelibeba peke yake kwa muda gani. Niliwaza majirani, jamaa wa msikitini, mawifi zangu. Akanijibu kwa upole, "Wewe tu, mama." Akanawa mikono, akaingia ndani. Alfajiri akapanda basi.

Hofu ya pili ilikuja baadaye, na hiyo naitetea. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kuingiliana kinyume na maumbile adhabu yake ni kifungo cha maisha, na hakipungui miaka 30. Mwaka 2018 tulimsikia mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam akiwataka wananchi wapeleke majina ya wanaume wa namna hiyo. Mama anayeyajua hayo halali. Nilijikuta nafuta ujumbe wake kwenye simu kila nikishausoma, hata ule wa kunijulia hali tu.

Niliwaza pia kumpeleka akasomewe ruqya, yaani kisomo cha Qurani cha kuponya, nikidhani ni jini. Nilipomgusia kwa simu akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani lililitoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, yeye hajazaliwa. Ruqya nikaiacha.

Mtaniuliza dini yangu imekwenda wapi. Iko palepale. Naswali, na kisa cha kaumu ya Lut, walioangamizwa kwa jambo hili, nakijua. Simdanganyi mtu kwamba mafundisho yamebadilika. Lakini dini hiyohiyo imenifundisha kwamba mwenye kukata undugu haingii peponi, na mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Nilimwendea ustadhi mmoja nikamzungushia maneno: mzazi amfanyeje mtoto aliyeshika njia asiyoikubali? Akanisomea Nabii Nuhu akimwita mwanawe apande jahazini, mawimbi kama milima. Kisa kinavyoishia nakijua, mwana alizama, na jibu alilopewa Nuhu nalijua, kwamba huyo si katika watu wake. Ila nilirudi nyumbani na hili moja: alimwita "ewe mwanangu" wakati wa gharika, na alipomlilia Mola wake bado alimwita mwanangu.

Kazi nzito ilikuwa posa. Tumezoea kusema ndoa itamtuliza kijana. Mimi mwenyewe nimewaambia hivyo wazazi wenzangu, na sasa najuta. Nilimfikiria yule binti. Huku kwetu unyagoni tunamfunda mwari kila jambo la mwili wake, kwa ngoma na nyimbo, bila haya. Hili tu ndilo tusilolitia mdomoni. Angeingia kwenye nyumba yake amefundwa vizuri, kisha akeshe miaka na miaka akijiuliza ana kasoro gani. Mtoto wa mwenzangu simtumii kumfichia wangu.

Nikaenda Newala na mshenga, tukarudisha neno. Nikasema kasoro iko kwetu, binti hana dosari yoyote, na kilichotolewa hatukidai. Mama yake alinitazama sana. Hakuuliza kitu, akanisindikiza mpaka barabarani, nami nilishukuru kwa hilo kuliko alivyojua.

Mume wangu nilimwambia kijana hataki kuoa. Zaidi ya hapo sijasema, kwa sababu mwanangu ameomba aseme mwenyewe siku yake ikifika. Siku hiyo nitakaa kati yao. Yeye hakuniomba nimbarikie. Aliomba nisimtafutie mke tena, na aweze kuja nyumbani Idi kama ndugu zake. Hayo mawili nimempa.

Tangu ile siku ya korosho tulikaa miezi mitano tukijuliana hali tu. Ndipo usiku mmoja nikampigia, nikamwomba radhi kwa swali lile, nikamuuliza nililopaswa kuanza nalo: alijijua lini?

Akakaa kimya, kisha akasema, "Darasa la sita, mama."

Darasa la sita mwalimu wake wa darasa nilikuwa mimi.